Mtafiti chipukizi, jifunze kwanza dokezo

Tangu wizara zilipohamia Dodoma, mtafiti kijana wa hapa hana tena sababu ya kusema watunga sera wako mbali. Aliyeko Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo cha Mipango au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Makutupora anaweza kuamka asubuhi, akafika Mji wa Serikali Mtumba, akapita Bungeni, akamalizia Ofisi ya Taifa ya Takwimu na bado akala chakula cha jioni kwake. Zamani safari kama hiyo ilikuwa ya kwenda Dar es Salaam na kulala huko. Hata hivyo tasnifu nzuri kuhusu maji ya Bahi, lishe ya Chamwino au mtama wa Kongwa bado zinaishia maktaba, na waandishi wake wanabaki wakilalamika kwamba Serikali haisomi.

Serikali inasoma. Inachosoma ni dokezo, yaani maelezo mafupi ambayo afisa humwandikia mkubwa wake ili aamue, na hapo ndipo maandalizi ya vijana wetu yanapopwaya. Semina nyingi za kumwandaa mtafiti kushiriki kwenye sera hutumia siku ya kwanza kueleza sera ni nini, siku ya pili kufundisha namna ya kuwasilisha kwa slaidi, halafu vyeti na picha ya pamoja. Kijana anatoka akijua kusimama mbele ya kiongozi, lakini hajui karatasi yake ikishapokelewa itapita kwa nani.

Barua inayofika wizarani huanzia masjala, ofisi ya kupokea barua na kutunza majalada. Hupigwa muhuri wa kupokelewa, hupewa namba ya folio, yaani nafasi yake ndani ya jalada, na kuingizwa kwenye jalada la somo lake. Jalada hupanda kwa mkubwa, naye huandika maelekezo mafupi: fulani, shauri. Mkurugenzi humshushia msaidizi wake, msaidizi humshushia afisa. Siku hizi ofisi nyingi hufanya hayo kwa mfumo wa ofisi mtandao badala ya majalada ya karatasi, lakini njia ni ileile. Afisa huyo wa chini, mara nyingi rika moja na mtafiti mwenyewe, ndiye pekee katika mlolongo mzima atakayesoma andiko lako mstari kwa mstari. Akishalisoma, anaandika dokezo la kurudi juu: usuli, hoja, uchambuzi, mapendekezo. Ukurasa mmoja, pengine miwili. Katibu Mkuu atasoma dokezo lile, si andiko lako. Jambo likiwa kubwa kiasi cha kuhitaji sera mpya au sheria, dokezo huzaa waraka wa Baraza la Mawaziri, ambao hupita kwenye kamati ya makatibu wakuu kabla ya kufika kwa mawaziri. Mbegu ya waraka huo ni sentensi za yule afisa.

Kwa hiyo mtu wa kumwandikia ni afisa, na kipimo cha andiko zuri ni kama anaweza kunakili aya zako mbili au tatu kwenye dokezo lake bila kuzitafsiri wala kuzifupisha. Akilazimika kuanza upya, na mezani pana majalada mengine ishirini, lako litasubiri.

Ndiyo maana zoezi la kwanza ninalolipendekeza kwa mafunzo yoyote ya aina hii ni moja tu. Mpe mtafiti dakika 90 na tasnifu yake mwenyewe, aandike dokezo la ukurasa mmoja, kama maneno 350, kwa Kiswahili, kana kwamba yeye ndiye afisa na anamwandikia mkurugenzi wake. Asiruhusiwe kutaja nadharia wala mapitio ya maandiko. Mbinu za utafiti ziwe sentensi mbili: nani walihojiwa au nini kilipimwa, wangapi, wapi, lini. Mwenzake asome kwa dakika tatu, kisha aulizwe swali moja: unaombwa kuamua nini? Akishindwa kujibu, dokezo linaandikwa upya.

Makosa yanayojitokeza hapo yanafanana. La kwanza ni lugha. Kijana amesoma kwa Kiingereza, amefikiri kwa Kiingereza, na Kiswahili chake cha kitaalamu hakijawahi kutumika. Anaandika "matokeo yenye umuhimu wa kitakwimu" na hakuna anayemwelewa. Aseme kwa hesabu ya watu: kati ya kaya 100 zilizokausha mahindi chini, kaya kadhaa zilikutwa na tatizo, kati ya 100 zilizokausha juu ya turubai, kaya kadhaa. Weka namba zako hapo, na useme wazi kama tofauti hiyo ni ya kutegemewa au ingeweza kutokea kwa bahati tu. Inatosha. Wanaodharau zoezi hili wakumbuke kwamba tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama nchini. Bunge linajadili kwa Kiswahili, Baraza la Madiwani vilevile.

Kosa la pili ni pendekezo lisilo na mwenyewe, na hili nataka nilikalie kidogo.

Chukua sumukuvu (aflatoxin), sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua na wengine wakafa baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Ni jambo ambalo mtafiti yeyote wa kilimo, lishe au afya wa kanda ya kati anaweza kujikuta analishughulikia. Sasa fungua hitimisho la tasnifu ya kawaida: "Serikali iongeze elimu kwa wakulima kuhusu madhara ya sumukuvu." Sentensi hiyo haina kosa la ukweli, na haifai chochote. Serikali ni nani hapo? Afisa ugani anayefika kijijini ni mtumishi wa halmashauri. Viwango vya sumu inayoruhusiwa kwenye mahindi (mikrogramu 5 kwa kilo kwa sumukuvu aina ya B1, na 10 kwa jumla ya aina zote) viko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Mgonjwa anapofika zahanati, taarifa yake ni ya mfumo wa afya. Kuzuia sumu shambani na ghalani ni kazi ya Wizara ya Kilimo. Milango minne, na kila mmoja unahitaji ombi lake.

Hapa pana mtego unaonasa hata waliobobea. Hadi katikati ya 2019 usalama wa chakula ulikuwa kwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Kuanzia Julai 2019 majukumu ya chakula yalihamia TBS, na mamlaka ile ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Mtafiti aliyenakili mapendekezo ya makala ya 2017 anaiandikia taasisi ambayo haina tena mamlaka hayo. Barua haitatupwa, lakini itazunguka, na mzunguko mmoja unaweza kula wiki kadhaa. Kabla ya kuandika pendekezo lolote, hakikisha leo, si kwa maandiko ya zamani, nani ana jukumu hilo kisheria. Tovuti ya taasisi na sheria iliyoianzisha vinatosha. Kazi yenyewe haizidi saa moja.

Pendekezo lililokomaa husomeka hivi: Halmashauri ya Wilaya ya Kongwa, kupitia watu wake wa kilimo, inunue kipima unyevu kimoja kwa kila kata yenye ghala la mazao, vifike kabla ya mavuno ya Mei, na maafisa ugani wafundishwe kwa siku moja kwamba mahindi yasiingie ghalani yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5. Bei ya kifaa kimoja ni shilingi kadhaa kwa ankara kifani (karatasi ya muuzaji inayoonyesha bei kabla ya kununua) tuliyoiambatisha. Idadi ya kata ni kadhaa. Jumla ni hii. Sasa afisa ana cha kunakili. Hata akikataa, atakataa kitu mahususi, nawe utajua cha kurekebisha.

Ankara kifani ni muhimu kuliko watafiti wanavyodhani. Anayepanga bajeti hawezi kuingiza kitu kisicho na bei. Nenda dukani, omba ankara kifani yenye jina na anwani ya muuzaji na tarehe, ambatisha. Usikadirie kwa bei ya mtandaoni ya nchi nyingine.

Na jiandae kwa swali la sampuli. Sumukuvu haikai sawasawa kwenye gunia: punje chache zinaweza kubeba sumu nyingi na zilizobaki zikawa safi. Aliyechota konzi moja juu ya gunia moja anaweza kupata sifuri kwenye ghala lenye hatari, au akapata namba ya kutisha kwenye ghala ambalo sehemu kubwa ni salama. Njia inayoaminika ni kuchota kidogo kidogo kutoka magunia mengi, juu, katikati na chini, kuchanganya, kusaga zote pamoja, ndipo kutoa sehemu ya kupima. Diwani mfanyabiashara wa mahindi wa soko la Kibaigwa analijua hilo kwa uzoefu wa mikono yake, na atakuuliza ulichota magunia mangapi. Ukimjibu kwa jina la mashine ya maabara, umempoteza. Mjibu kwa idadi ya magunia.

Kalenda

Kati ya mambo yote yanayoua mapendekezo mazuri, tarehe inaongoza. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Bunge la bajeti linaanza Aprili na kumaliza kabla ya Juni kuisha. Mtafiti anayesikia kwenye redio kwamba wizara fulani inasoma bajeti yake wiki ijayo, akakimbilia Mtumba na andiko lake, amechelewa kwa miezi mingi: kufikia hapo vifungu vimeshapangwa, randama (vitabu vya maelezo ya bajeti ya kila wizara) zimeshachapishwa na kamati za Bunge zimeshazipitia mwezi Machi.

Hesabu ifanywe kwa kurudi nyuma. Unataka vipima unyevu viwepo kwenye mavuno ya Mei 2028. Mei 2028 iko ndani ya mwaka wa fedha 2027/28. Halmashauri zinaandaa bajeti ya mwaka huo kati ya Novemba 2026 na Februari 2027, baada ya mwongozo wa mpango na bajeti kutoka na ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu cha fedha, kujulikana. Mapendekezo ya vijiji kwa utaratibu wa fursa na vikwazo kwa maendeleo, ambao wanakijiji hutaja vipaumbele vyao wenyewe, yanapaswa kuwa yamekusanywa mapema katika kipindi hicho, yakapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, yakafika kwa wataalamu wa halmashauri, kisha kamati za kudumu, kisha Baraza la Madiwani. Andiko lako basi liwe mezani Oktoba 2026. Ni takriban miezi 19 kabla ya mahindi yenyewe kuvunwa. Mtafiti wa shahada ya uzamili aliyepewa miaka miwili asipochora hesabu hii siku anayoandika pendekezo la utafiti, matokeo yake yatatoka mwezi ambao hakuna wa kuyapokea.

Halmashauri ya wilaya ina kamati tatu za msingi: Fedha, Uongozi na Mipango; Elimu, Afya na Maji; na Uchumi, Ujenzi na Mazingira. Ya fedha hukutana kila mwezi, nyingine kwa robo mwaka, kama Baraza lenyewe. Suala la sumukuvu likipelekwa kama la kilimo litaanzia kamati ya uchumi; likipelekwa kama la lishe ya watoto litaangukia kwenye afya. Chagua kwa makusudi, kwa sababu mkuu wa divisheni atakayelitetea ni tofauti na kifungu cha fedha ni tofauti.

Kodi zina njia yake. Wizara ya Fedha hualika wananchi na taasisi kutoa mapendekezo ya maboresho ya kodi mapema kabla ya bajeti, kwa kawaida miezi ya mwisho wa mwaka. Mtafiti wa zabibu anayetaka kusema jambo kuhusu ushuru wa bidhaa kwenye mvinyo wa zabibu za hapa nchini ajibu mwaliko huo. Asisubiri hotuba ya Juni.

Ipo kalenda kubwa zaidi pia. Dira ya Maendeleo 2050 ilizinduliwa hapa Dodoma Julai 17, 2025, na mipango ya miaka mitano itapimwa kwayo. Usiinukuu Dira kwa ujumla. Tafuta shabaha moja inayogusa kazi yako na uitaje kwa jina lake, kwa sababu afisa atahitaji kuonyesha uhusiano huo kwenye dokezo na utakuwa umempunguzia kazi.

Bungeni

Muswada ukishasomwa mara ya kwanza hupelekwa kwenye kamati, na kamati huita wadau kutoa maoni. Mwaliko hutoka siku chache tu kabla ya kikao, na muswada ukija kwa hati ya dharura siku hupungua zaidi. Asiyejiandaa kabla hawezi kujiandaa baada ya tangazo. Fuata Gazeti la Serikali na tovuti ya Bunge, na uwe na rafiki mmoja mwanasheria atakayekubali kusoma kurasa zako usiku.

Maoni yanayofanya kazi huletwa kwa jedwali lenye safu nne: kifungu, kilivyo kwenye muswada, pendekezo, sababu. Hotuba ndefu husikilizwa kwa heshima na kusahaulika. Jedwali huchukuliwa na makatibu wa kamati na kugeuzwa kuwa hoja. Tuchukue muswada wa kufikirika wenye kifungu kisemacho "Mkaguzi atachukua sampuli ya mazao ghalani." Safu ya tatu isome: kwa kufuta neno "sampuli" na badala yake kuweka maneno "sampuli mchanganyiko kwa utaratibu utakaoainishwa kwenye kanuni". Safu ya nne: sumu haisambai sawasawa, kwa hiyo sampuli ya sehemu moja ya gunia inaweza kumtia hatiani asiye na kosa au kupitisha mahindi ya hatari. Mistari mitatu, isizidi.

Angalia nilichokifanya hapo: idadi ya magunia na asilimia za unyevu sikuziweka kwenye kifungu. Sheria hurekebishwa na Bunge, na hilo huchukua muda mrefu; kanuni hutungwa na waziri na hubadilishwa kwa urahisi zaidi. Namba zinazoweza kubadilika sayansi inapoendelea mahali pake ni kwenye kanuni au viwango. Mtafiti anayeng'ang'ania namba yake iingie kwenye sheria yenyewe anawapa wanasheria sababu ya kumweka pembeni.

Na ukitaja sheria iliyopo, taja toleo. Toleo la 2023 la sheria zilizofanyiwa urekebu, yaani zilizopangwa upya pamoja na marekebisho yake, lilizinduliwa 2025, na baadhi ya namba za vifungu si zile zilizomo kwenye nakala za zamani zinazozunguka kwa simu. Kosa la namba moja ya kifungu humfanya mjumbe mwanasheria aache kusikiliza hoja yako ya msingi.

Ndani ya chumba unaongea na Mwenyekiti. Hata mjumbe mwingine akikuuliza, unajibu "Mheshimiwa Mwenyekiti". Ukipewa dakika tano, zitumie kwa vifungu viwili vyenye uzito na useme vingine viko kwenye jedwali. Swali usilolijua lijibiwe hivi: sina jibu la uhakika sasa, nitaliwasilisha kwa maandishi kwa katibu wa kamati kesho saa nne. Kisha ulilete kweli saa nne. Wapo watu wanaoitwa tena na tena kwenye kamati si kwa usomi wao, ni kwa sababu waliahidi karatasi na ikafika.

Takwimu na vibali

Hapa nitapita haraka, ila usipite haraka unapofanya. Kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia), na kwa utafiti wa afya ithibati ya maadili ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), viwe kwenye kiambatisho cha kila andiko. Ngazi za chini zina mlolongo wake: Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, Mkurugenzi wa halmashauri, Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Kijiji. Barua iliyoruka ngazi moja hukwamisha kazi ya wiki nzima. Soma Sheria ya Takwimu ya 2015 pamoja na marekebisho yake ya 2018 na 2019 kabla ya kutangaza namba, na kamwe usiite namba zako takwimu rasmi. Hilo ni neno la kisheria. Sema ni matokeo ya utafiti wako, taja mbinu, na kama zinatofautiana na za Ofisi ya Taifa ya Takwimu eleza kwa nini: mwaka tofauti, eneo tofauti, swali tofauti.

Pia badilisha idadi ya watu unayogawanyia. Sensa ya 2012 iliupa Mkoa wa Dodoma watu 2,083,588. Ya 2022 ikaupa 3,085,625. Anayekokotoa mahitaji ya zahanati au visima kwa sensa ya zamani anaacha nje watu zaidi ya milioni moja, na mchumi wa mkoa ataliona hilo kabla hujamaliza ukurasa wa kwanza.

Mafunzo yenyewe yaweje

Ukitaka kuona utafiti uliobadilisha karatasi ya bajeti, angalia TEHIP, mradi wa huduma muhimu za afya wa miaka ya 1990 katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini, ulioendeshwa na Wizara ya Afya pamoja na shirika la IDRC la Canada. Watafiti waliweka mbele ya timu za afya za wilaya mchoro uliolinganisha mzigo wa kila ugonjwa na fungu la bajeti ulilopata. Malaria kwa Morogoro ilibeba takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini ikapata takriban asilimia 5 ya fedha. Timu zilihamisha fedha zenyewe, na vifo vya watoto kwenye wilaya hizo vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka michache. Hawakuwapelekea maafisa wa wilaya mhadhara. Waliwapelekea chombo kilichoingia moja kwa moja kwenye kazi waliyokuwa nayo mezani, na kikatumika kila msimu wa mipango.

Kwa hiyo fundisho la msingi liwe kukaa ofisini. Kundi la watu 12 hadi 15, siku mbili darasani kwa dokezo na kalenda, kisha wiki tatu kila mmoja kwenye ofisi ya mipango ya halmashauri, na bora zaidi kipindi cha kuandaa bajeti, Novemba au Desemba. Akae na mchumi, aone ukomo wa bajeti unavyolazimisha kukata, aone vipaumbele vya vijiji vikigombania fungu moja. Barua ya kuomba nafasi iende miezi miwili kabla, na iseme wazi kijana atafanya kazi gani ya ofisi, kwa mfano kusafisha jedwali la takwimu za kata, ili asiwe mzigo. Afundishwe pia mipaka: hagusi jalada lenye alama ya Siri, hapigi picha ukurasa wowote wa jalada, na anayoyasikia kikaoni hayaandiki kwenye makundi ya WhatsApp. Kosa moja la aina hiyo hufunga mlango kwa kila atakayekuja kutoka chuo hicho. Baada ya hapo wakutane siku moja kila mwezi kwa miezi minne, kila mmoja na andiko lake linaloendelea.

Wasimamizi wa tasnifu wahusishwe tangu mwanzo. Kijana hupandishwa cheo kwa makala za majarida, na msimamizi asiyeona faida ya andiko la kurasa mbili atamwambia anapoteza muda. Suluhisho la bei nafuu ni idara kukubali dokezo na muhtasari wa sera viwe kiambatisho cha lazima cha tasnifu, vikasahihishwe na kupewa alama. Bila alama, havitaandikwa.

Liko jambo moja la dhamiri ambalo lisemwe darasani kwa uwazi. Afisa anaweza kukuomba upunguze makali ya maneno. Mara nyingi ana haki: "uzembe wa halmashauri" linaweza kuwa "upungufu wa usimamizi" na hoja ikabaki. Akikuomba ubadilishe namba, au uondoe kijiji ambacho matokeo yake yanaudhi, jibu ni hapana, kwa adabu na kwa maandishi, ukieleza sababu ya kitaalamu. Vijana wafanyie mazoezi jibu hilo kwa sauti, wawili wawili, kwa sababu siku ombi hilo likija litakuja kutoka kwa mtu wanayemheshimu na wanayemhitaji.

Siku ya kupeleka andiko, chapisha nakala mbili. Masjala ikishapokea moja, omba muhuri na tarehe kwenye ya pili. Hiyo ndiyo yako. Andika kwa cheo, si kwa jina, maana maafisa huhamishwa na jina likiondoka na andiko huenda nalo. Baada ya siku 14 piga simu au fika, taja namba ya kumbukumbu, uliza jalada liko kwa nani. Usiulize "mmefikia wapi". Hilo halina jibu. Ukiambiwa liko kwa afisa fulani, mwombe dakika kumi na umuulize anakosa nini ili aandike dokezo: bei, idadi ya kata, au kifungu cha sheria. Mpelekee kesho yake.

Na wakati hilo linaendelea, rudi kijijini ulikokusanya data. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mwombe mwenyekiti nusu saa. Sema ulichokikuta kwa lugha ya pale, pasipo slaidi, na uwaache wakubishie, maana kuna makosa ya dodoso ambayo wao pekee ndio watakaoyaona. Kabla ya kuondoka mwachie Mtendaji karatasi moja ya matokeo, na chini yake uandike namba ya kumbukumbu ya barua uliyopeleka wilayani, ili diwani atakapoulizwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata aweze kuitaja.